Goti la Fahmi Mbele ya Baraza

Jumatano, jioni ya pili baada ya dili kuvunjika, Fahmi aliitwa kwenye baraza la Bwana Shuaib akasikilize goti lake likijadiliwa.

Aliitwa kusikiliza, si kusema. Katika baraza lile mchezaji hakuwa na neno. Anayecheza ana upande, alisema Bwana Shuaib, na mwenye upande hahukumu. Kwa hiyo viti viwili vya mawe, huku na huku ya mlango wake, vilikuwa vya wachambuzi, yaani watu ambao maishani mwao hawajawahi kugusa mpira wa kikapu. Mchezaji akija alisimama katikati ya njia, na punda akipita alimpisha.

Fahmi alisimama akiuelemea mguu wa kulia. Wa kushoto aliugusisha chini tu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Timu ya Shela ilimtaka. Ingetoa wachezaji wawili, na juu yao ubao wa kioo wa goli ambao mgeni mmoja wa hoteli aliwaachia zawadi. Wachambuzi wa Amu, yaani mji wa Lamu anakochezea Fahmi, na wa Shela walikutana mara nyingi, wakanywa kahawa, wakavutana, wakapatana, wakasoma Fatiha. Fahmi alipata habari gatini Manda, akiwa na sanduku la mgeni kila mkono, pale nahodha mmoja alipompa hongera kwa kuhama. Hakukasirika. Alidhani ndivyo mambo haya yanavyokwenda.

Kisha Shela wakaleta sharti dogo: Bi Umulkheir, mkandaji wao, aliguse lile goti. Bi Umulkheir alilikunja, akalikunjua, akaweka sikio karibu kama anayetikisa nazi, akasema, "Mwanangu, hili limechoka. Ukiendelea kuruka nalo, hata kutembea kutakuwa shida." Shela wakaomba radhi, wakajitoa, wakabaki na kioo chao.

Fahmi alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Muda mrefu alikuwa akitafuta namna ya kuacha mpira. Kazi yake ilikuwa kubeba mizigo ya wageni kutoka kiwanja cha ndege hadi kwenye maboti, na mtu mwenye goti bovu habebi mizigo. Alidhani sasa, baada ya maneno ya Bi Umulkheir, mambo yamekwisha.

"Wametutukana," alisema Bwana Shuaib. "Wametutukania goti."

"Goti la Amu," akaongeza Bwana Mohdhar, muuza vitambaa, aliyekaa mkabala naye. "Na sisi tumesoma nao Fatiha!"

Jaafar, kijana wa duka la simu, ambaye alikuwa mchambuzi kwa sababu alifuatilia ligi ya Marekani mpaka alfajiri, aliinua kidole. "Lakini wazee, huko majuu pia mchezaji akifeli vipimo, trade inakufa. Ni kawaida. Hata mastaa."

"Huko Marekani wanapima kwa mashine," alisema Bwana Shuaib. "Huku wamepima kwa Bi Umulkheir."

"Bi Umulkheir anajua mifupa, Bwana Shuaib. Si wewe mwenyewe alikunyoosha mgongo?" Jaafar aliuliza.

"Mgongo wangu ni wangu. Sikuutoa kwa biashara."

"Mimi nasema ni kijicho," alisema Bwana Mohdhar. "Mtoto anaruka vile, watu wote wanamkodolea mato, mwatarajia nini? Na goti la ukoo huu nalijua. Babu yake alipanda minazi mpaka siku ya kufa kwake."

"Si alianguka mnazini?" Jaafar aliuliza.

"Mkono uliteleza. Goti lilikuwa zima."

Wote wakalitazama goti la Fahmi kwa heshima. Fahmi akaona hii ndiyo nafasi.

"Wazee wangu," alisema, "goti lauma kweli."

"Nyamaza, mwanangu," alisema Bwana Shuaib kwa upole. "Wewe ni mhusika."

Punda mwenye magunia ya saruji akaja. Fahmi akajibana ukutani kwa mguu mmoja, punda akapita, mjadala ukaendelea. Ilipofika adhana ya magharibi, uamuzi ulikuwa tayari: Ijumaa Amu inacheza na Shela, na Fahmi atacheza mwanzo mpaka mwisho, tena aruke kila mpira, hata ule usiohitaji kurukiwa, ili Shela waone walichokikosa.

"Kila mpira?" Jaafar aliuliza.

"Kila mpira. Heshima ya mji si mchezo."

Usiku huo Fahmi alimpigia kocha. Madamu Kwamboka alikuwa mwalimu aliyehamishiwa Lamu kutoka bara, na uwanjani alikuwa na sauti ya kutisha. Kwenye simu alishusha pumzi.

"Fahmi, mimi ni kocha tu," alisema. "Timu ni ya baraza. Nikikutoa, wiki nzima nitapitia wapi kwenda sokoni, na baraza liko njiani?"

Mke wa Fahmi, Hadia, aliyekuwa akilikanda goti lile kwa mafuta ya moto, alisikia yote.

"Hilo baraza," alisema, "likikuvunja, ndilo litakalobeba masanduku Manda?"

"Hawanisikii, Hadia. Wasema mimi ni mhusika."

"Basi acha kuwa mhusika."

Alilisema kwa hasira tu, kisha akaenda kuosha mikono. Lakini Fahmi alilala akiligeuzageuza neno lile, na asubuhi alikuwa bado nalo.

Ijumaa, baada ya alasiri, mji ulielekea uwanjani. Wachambuzi hawakwenda. Hawakuwa na desturi ya kwenda. Kuna vumbi, kuna kelele, na mtu akiona mchezo kwa macho yake huweza kupotoshwa. Walimtuma Jaafar na simu, wao wakabaki barazani na birika.

Fahmi alikuja akichechemea. Alivaa kikoi na kofia, hakuvaa jezi. Hakusimama njiani. Alipanda, akaketi kando ya Bwana Mohdhar.

Birika likasimama hewani.

"Wewe!" alisema Bwana Shuaib. "Mtezo umeshaanza! Shuka hapo, hapo pa wachambuzi!"

"Najua, Bwana Shuaib. Nimeacha mpira. Jezi nimemrudishia Madamu. Sichezi tena, si Amu, si Shela, si popote."

"Nani aliyekuruhusu?"

"Hakuna. Lakini mtu asiyecheza hukaa wapi?"

Bwana Shuaib alimtazama Bwana Mohdhar. Bwana Mohdhar alitazama birika. Walilitafuta kosa, wasilipate. Kanuni ilikuwa yao wenyewe. Hatimaye Bwana Mohdhar akausogeza mto wake kidogo, na Bwana Shuaib, kwa uso wa mtu aliyemeza ndimu, akammiminia kahawa.

Simu ikalia. Bwana Shuaib akaweka spika.

"Wazee, mambo mabaya!" Jaafar alikuwa akipiga kelele. "Shela wako mbele. Na Abdulghafur, aliyeingia mahali pa Fahmi, ameshika kifundo. Asema chauma. Madamu auliza baraza lasemaje."

"Amalize," alisema Bwana Mohdhar.

"Amalize," alisema Bwana Shuaib. Kisha, kwa kuwa adabu ya baraza ni kila aliyeketi kuulizwa, aligeuka. "Na wewe, mchambuzi?"

"Atolewe," alisema Fahmi. "Akae."

Maneno yale yale aliyoyatafutia nafasi Jumatano. Safari hii Bwana Shuaib alifumba macho, akayapima, akaitikia kwa kichwa polepole.

"Hoja nzito," alisema. "Jaafar! Baraza limesema akae."

Amu walifungwa. Mjadala ulianza pale pale, nao ulihusu kioo: kama ule ubao ungestahimili chumvi ya bahari, na kama Shela walijua haustahimili, na kama basi dili lote halikuwa hila tangu mwanzo. Fahmi hakuwa na maoni kuhusu kioo. Aliunyoosha mguu wa kushoto mpaka nje ya kiti cha mawe, ukafika njiani. Punda akaja na magunia yake, akautazama, akapita kando.