Kibali cha Kuwaka

Katika nchi ya Wadudu, enzi za Mfalme Kombamwiko, giza lilikuwa sera ya taifa. Sheria ya Taa za Nje ilisema waziwazi: jua likizama, nyumba isiwe na taa barazani, duka lisiwe na taa mlangoni, kila mwenye taa aifunike isije ikawakosesha majirani usingizi. Majirani wenyewe hawakuwa wamelalamika; serikali iliwaonea huruma mapema. Ajabu ni kwamba tangu sheria ipite, ghala la taifa, walilolijaza sisimizi kwa jasho lao, lilikuwa likipungua. Ikulu ilisema ni panya. Hakuna aliyewahi kuwaona hao panya, na kwa giza lile angewaonaje?

Sheria hii ilimkalia vibaya Kimulimuli, maana taa yake alizaliwa nayo, tena makalioni. Askari walimvisha ganda la mtama, akawa anatembea kama mtoto aliyefungwa nepi. Aibu angeivumilia. Kilichomnyima raha ni Kimetameta, binti wa bondeni. Kwa vimulimuli posa haipelekwi na mshenga. Kijana huwaka, na binti akimtaka humjibu kwa kuwaka. Mvua nazo zilikuwa ukingoni, na mvua zikikatika kimulimuli naye roho hukatika. Angekufa mseja, na ganda la mtama matakoni.

Akajikaza, akaenda barazani kwa Mfalme.

"Mtukufu, naomba ruhusa niwake. Nataka kuoa."

Chawa, mshauri mkuu, ambaye makazi yake yalikuwa shingoni mwa Mfalme, alikohoa. "Kwanza tuelewane, kijana. Hiyo taa ni ya makazi au ya biashara?"

"Ni makalio yangu, mzee."

"Unalala nayo?"

"Sasa nitayaacha wapi?"

"Basi ni ya makazi. Na sokoni je, huendi nayo?" Chawa akamwinamia Mfalme sikioni. "Mtukufu, haya ni makalio ya matumizi mchanganyiko. Sheria haikuyatarajia."

Baraza zima liliinamisha vichwa kwa kuiheshimu hoja hiyo. Mfalme akapapasa masharubu yake. Sisimizi walikuwa wameanza kunung'unika, na harusi moja ingewapoza.

"Mimi si katili," akasema. "Bwana harusi mmoja, awake mara moja, jioni, hapahapa uani kwangu. Wananchi wote waje washuhudie ukarimu wangu."

"Huruma ya mama hii!" Chawa akaangua kilio.

Kimulimuli alishukuru, akaondoka upesi. Walimpa ruhusa ya mmoja, wala hawakumuuliza kama kwao huwaka mmoja. Kwao kijana akiposa, ukoo wote humwitikia, na anayebaki gizani amemtakia ugumba.

Jioni ile ua ulifurika. Kimulimuli akavua ganda, akafumba macho kwa woga, akawaka. Kabla hajazima, mjomba akawaka juu ya paa, shangazi akawaka ukutani, binamu wakaitikia toka kila upenyo, ua ukawa mweupe pe! Pembeni mwa ua, mlango wa ghala la taifa ulikuwa wazi. Ndani, ukoo wa kifalme ulikuwa kazini, kila mmoja na punje mdomoni.

Mfalme angeweza kujitetea. Angeweza kuwakana ndugu zake, akaunda tume. Lakini kombamwiko ni kombamwiko: taa ikiwaka, miguu haingoji ushauri. Alichupa toka kitini, akajipenyeza kwenye ufa chini yake, kichwa kikaingia, sehemu ya nyuma ikabaki nje mbele ya taifa zima. Sisimizi hawakupiga kelele. Walipanga mstari, wakamwendea.

Kimulimuli hakuwa na habari nao. Ng'ambo ya ua, mwanga mdogo uliwaka, ukazima, ukawaka tena. Kimetameta amekubali! Alitaka kulia kwa furaha. Ndipo alipohisi kitu kikimtambalia shingoni.

"Mtukufu," Chawa alimnong'oneza, "mimi tangu mwanzo nilisema hayo makalio ni ya kutawala."