Nukta Juu ya Banda la Mashua

Torunn alisoma jina la mwandishi kabla ya kusoma habari. Vilde Aasen. Ukurasa wa kwanza, mara ya tatu mwezi huo.

Habari yenyewe ilikuwa nzito: kampuni ya kufuga samoni pale ghubani ilikuwa ikificha idadi ya samaki wanaokufa vizimbani. Chini yake palikuwa na picha ya ukurasa wa daftari la vifo, iliyokatwa pembeni ili mkono wa aliyelishika usionekane. "Mfanyakazi ambaye hatutamtaja," Vilde aliandika.

Torunn alikuwa na miaka kumi na tisa katika gazeti lile, na siku hizi kazi yake ilikuwa ramani ya wasomaji. Watu walituma picha za kulungu, uyoga na tai. Kila siku saa nne asubuhi mtambo ulizisoma zote, ukachota alama ya mahali ilipopigwa, iliyojificha ndani ya kila picha, ukatia nukta nyekundu ramanini. Mji mzima uliifungua wakati wa kahawa.

"Dada Torunn, leo tuna nyangumi?" Vilde aliuliza akipita na kikombe chake.

"Nyangumi tunaye humu ndani. Anameza kurasa za mbele."

Vilde akacheka kwa moyo mweupe, na kicheko hicho kikamuudhi Torunn zaidi.

Saa nne na dakika tano aliikagua ramani. Nukta moja ilikuwa imekaa pwani ya Kvalneset, juu kabisa ya banda la mashua lenye mlango wa kijani. Banda lake yeye na mumewe. Akaibofya.

Ni lile daftari, safari hii picha nzima. Kando yake kidole gumba chenye ukucha mweusi, uliopigwa na nyundo wakati wa Pasaka. Torunn ndiye aliyekifunga kile kidole.

Alielewa mara moja. Vilde alikuwa ameitupia picha ile kwenye sanduku la picha za wasomaji, kwa kuwa ndilo pekee linalofunguka kwenye simu, akaichukua akaikata, na ile ya asili akaisahau mle.

Kitufe cha kufuta kilikuwa pale pale. Mkono wake haukwenda.

Oddleif, mume wake wa miaka kumi na minne, ambaye maneno yake mezani huhesabika kwa vidole, alikuwa amesema. Alisema mengi, safu nne nzima za gazeti. Ila hakumwambia yeye. Akilini Torunn alimwona msichana yule ameketi juu ya kreti la bluu mle bandani, kreti analokalia Torunn mwenyewe kila kiangazi, Oddleif akimmiminia kahawa.

Akampigia mumewe. Hakupokea; alikuwa huko vizimbani. Akapiga tena. Kisha akainuka, akamfuata Vilde jikoni.

"Huyo mtu wako, mlikutana wapi?"

"Dada, hilo hata mama yangu simwambii."

"Mwanamume?"

Vilde akaweka kikombe chini. "Mbona unauliza hivyo?"

"Nauliza tu. Wengine hupendwa na habari, wengine hupendwa na wenye habari."

"Hakuna mapenzi pale," Vilde akasema, uso ukimwiva. "Mtu wa watu alikuwa anatetemeka. Aliniuliza mara mbili kama jina lake litakuwa salama."

Torunn akarudi mezani kwake nusu anakimbia. Akaifuta. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na saba, na kihesabio kilionyesha watazamaji thelathini na mmoja.

Saa tisa alasiri Oddleif aliingia nyumbani na mabuti yake ndani ya mfuko. Mke wa meneja wa kampuni hupenda tai; haipiti siku bila kuitazama ramani.

"Wamenifukuza," alisema, akaketi.

Torunn aliweka viazi mezani vikitoa mvuke. Oddleif akachukua kimoja, akaanza kukimenya. Cha kwanza huwa cha mkewe, tangu siku za uchumba, kwa sababu vidole vya Torunn haviwezi moto.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" Torunn aliuliza.

"Wewe ungeandika, na mji ungejua siku hiyohiyo. Nani hapa asiyejua unalala na nani?" Akatabasamu kidogo. "Nilitaka ukiulizwa, usiwe na la kuficha. Vilde kanipigia analia. Anasema wewe ndiye uliyeifuta ile picha ramanini. Asante, mke wangu."

Ganda la kiazi lilikuwa likining'inia. Torunn angeweza kunyamaza.

"Niliiona saa nne na dakika tano," alisema.

"Ndipo ukaifuta."

"Niliifuta saa nne na dakika ishirini na saba."

Oddleif akatazama saa ya ukutani. "Hapo katikati ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa namhoji Vilde, kwa wivu."

Akakiweka kile kiazi bakulini, nusu kimemenywa. Simu yake ikawaka mezani: Vilde. Akaichukua, akatoka, na kupitia dirishani Torunn akamwona akiufungua mlango wa kijani na kukaa juu ya kreti la bluu, amejiinamia, akizungumza.

Alizungumza kwa muda mrefu. Torunn akakichukua kiazi kile akakimalizia mwenyewe, moto ukimchoma vidole, huku macho yake yakihesabu kila mara midomo ya mumewe ilipofunguka.