Fundi Cherehani na Miti ya Chokaa

Macho ya mume wangu, fundi cherehani, yalipogoma kuona tundu la sindano, aliomba kazi ya kuwatembeza wageni kwenye bustani ya jiji. Sharti lilikuwa aijue miti. Akajifunza kwa vidole, kama anavyojua vitambaa: gome la mvinje ni gunia, la mkungu ni jinzi iliyochoka.

Siku ya usaili tukakuta vigogo vyote vimepakwa chokaa nzito kupita kimo cha mtu, maana kuna mkubwa alikuwa anakuja. Mume wangu akapapasa mti wa kwanza.

"Huu ni ukuta," akasema.

"Baba, tuambie mti," msimamizi wa bustani akamhimiza.

Akanikabidhi viatu, akapanda. Suruali ikachanika nyuma. Alipoivuka chokaa, akapapasa tena. "Mwarobaini."

Akashuka, akapanda wa pili. "Mvinje." Wa tatu nao akaupatia.

"Na wageni nao watapanda?" msimamizi akauliza.

"Wanaojiweza."

Msimamizi akanigeukia. "Mama, huyu ni mzima kweli?"

"Mzima, baba. Ila usimtazame kwa nyuma."

Kazi akapewa. Ataanza mvua ikishaosha chokaa.