Konzi ya Misioni

Unga uliobaki ulikuwa wa kupika mara moja. Adolphine aliukung'uta ungo, akakwangua kingo zake kwa kucha. Kabla maji hayajachemka akachota konzi moja, akaimimina juu ya kitambaa alichokitandaza kwenye jiwe. Hiyo ilikuwa konzi ya Misioni. Divine, binti yake wa miaka kumi na sita, aliifuata kwa macho kama mtu anayesindikiza maiti.

"Mama, leo tungeruka."

"Bwana amekuruka siku gani?"

Divine alichochea moto, akasema polepole kwamba siku hizo zilikuwa nyingi, sema tu hakuwa amezihesabu. Mama yake alizikusanya pembe za kitambaa. Alifunga kitambaa kwa fundo la nyavu, fundo la kupinda mara mbili na kurudi chini, alilofundishwa na marehemu mume wake aliyekuwa mvuvi. Wakala bugali kidogo na sombe ya majani ya muhogo, isiyo na mafuta. Mchanga ulilia menoni mwao. Tangu askari walipochukua mashine ya kusaga, wanawake wa Baraka walikuwa wakiponda muhogo juu ya mawe, na jiwe halitoi unga bila kujitoa lenyewe.

Desturi ile ilianza mwaka wa tisini na tano. Kanisa lilimwekea mikono Élie, kifungua mimba wa Adolphine, likamtuma ng'ambo ya ziwa akahubiri katika vijiji vya Tanzania ambavyo havikuwa na kanisa. Watu walikuwa wamezoea kuona wamisionari wanakuja. Sasa Baraka nayo ilikuwa imetuma wa kwake, na siku ile hata walevi walikwenda ufukweni kumsindikiza. Akina mama waliahidi mbele ya madhabahu: kila chungu kikipanda motoni, konzi moja itoke kwanza. Jumamosi vifurushi vilikusanywa kanisani, kila nyumba na kitambaa chake, vikapanda boti. Kule Élie alivifungua kimoja kimoja, na kwa kila kitambaa aliiombea nyumba kilikotoka. Kisha boti ilirudisha vitambaa, vimefuliwa, vimekunjwa. Mama akikipokea chake alijua ameombewa.

Vita ya kwanza ilipita, boti ikaendelea kwa kujiiba. Vita ya pili ilipoingia, vitambaa havikurudi tena. Pasteri Raphaël alisema ni mawimbi, mara akasema ni askari wa bandarini, mara akasema kule ng'ambo vitambaa vimekuwa shida, mumisionari anavivaa. Badala ya vitambaa zikaanza kuja barua. Pasteri alizisoma mimbarani, akazikunja, akazitia ndani ya koti. Adolphine alikuwa amefika darasa la tano kabla ya kuolewa, akaomba auone tu mwandiko wa mtoto wake. Aliambiwa barua ni mali ya kanisa.

Hakubisha. Lakini jicho lake halikulala. Mwezi mmoja uliopita alimwomba Pasteri amwandikie Élie, amuulize kama anakitambua kitambaa anachofungia mama yake siku hizi. Kilikuwa kipande cha shati la marehemu baba yake Élie, la bluu lenye mistari myeupe, alilokuwa akilivaa kanisani kila Jumapili. Jumapili ya tatu jibu likasomwa: "Mumwambie mama, shati ya baba nimeitambua. Nimeiweka ndani ya Biblia yangu." Wanawake walipiga vigelegele. Adolphine alificha uso ndani ya kikwembe alichojitanda akalia, na wiki ile alitoa konzi mbili.

Alhamisi iliyofuata alikwenda shamba, njia ya Lubondja. Kwenye bariyeri askari walikuwa wamefunga mwanzi katikati ya barabara, na kila mpita njia aliacha kitu: muhogo, makaa, kuku mwenye bahati mbaya. Adolphine alisimama katika mstari. Pembeni, mpishi wa askari alikuwa amechuchumaa juu ya mkeka akifungua vifurushi. Anafungua, anamimina ndani ya pipa, anatupa kitambaa. Anafungua, anamimina, anatupa. Kile cha manjano kilikuwa cha Mama Immaculée. Kile chenye picha ya samaki kilikuwa cha Nyiramana, yule mjane aliyeteremka kutoka milimani. Vitambaa vilikuwa lundo, na kijana mmoja alivichagua vya kusafishia bunduki. Bunduki yenyewe mkanda wake ulikuwa umeungwa kwa kitambaa cha bluu, chenye mistari myeupe. Fundo lilikuwa bado limo. Walishindwa kulifungua, wakalikata pembeni.

"We, mama muzee. Unaangalia nini?" kijana wa bunduki akauliza.

"Naangalia njia."

Wenzake walicheka. Yule askari hakucheka. Alikitazama kikwembe chake cha akina mama wa kanisa, chenye msalaba.

"Uko wa kanisa ile ya chini? Ambia Pasteri wenu, unga ya wiki hii iko na muchanga mingi. Komanda amekasirika."

Hakufika shamba. Alirudi moja kwa moja hadi nyuma ya kanisa, akamkuta Pasteri Raphaël anapigilia mguu wa benchi. Mlangoni kwake mke wake alikuwa anapepeta unga, na unga ule ulikuwa wa rangi nyingi: mweupe wa muhogo, wa manjano wa mahindi, wa kijivu. Unga wa nyumba moja hauwi hivyo. Adolphine aliuona, akauacha.

"Pasteri, komanda anasema unga iko na muchanga."

Nyundo ilibaki hewani. Pasteri alitazama barabara kwanza, ndipo akamtazama yeye. Akaeleza kwa sauti ya chini. Mwaka jana komanda alikuja akitaka majina ya wasichana wa kwaya, eti wakawapikie askari kambini. Yeye alimwambia atampa chakula, awaache watoto. Sasa chakula kitatoka wapi? Angewaambia akina mama watoe unga kwa ajili ya bariyeri, wangetoa wiki moja, ya pili wangeficha. Kwa Misioni walitoa hata wakiwa na njaa.

"Na barua?"

"Bantu beko na lazima ya kusikia kitu, Mama Élie."

"Mutoto wangu iko wapi?"

"Boti ya mwisho ilienda kabla ya hii vita. Haikurudi. Mi sijui. Mungu anajua."

"Mungu haiko yeye aliandika ile barua."

Pasteri aliweka nyundo chini, akaifuta mikono kwa suruali. Alisema Jumapili itasomwa barua nyingine, na safari hii ataisoma mama mwenyewe, maana watu wameanza kunong'ona. Kisha akasema neno la mwisho bila kumtazama.

"Ukitaka kusema ingine, sema. Sitakufunga kinywa. Lakini Divine anakaa benchi ya tatu, upande wa dirisha. Komanda anamujua."

Adolphine hakutambua kama ni onyo au ni tishio. Labda hata mwenyewe aliyelisema hakutambua.

Jumapili komanda alikuja. Alipewa kiti cha wageni, mbele, akaweka bunduki kati ya magoti akapiga makofi na kwaya. Adolphine alipoitwa, karatasi ilifika mikononi mwake kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari la mafundisho ya ubatizo. Mwandiko aliujua, ndio ulioandika jina la Divine kwenye cheti chake cha ubatizo. Aliinua macho. Benchi ya tatu, binti yake alikuwa amesogea mbele kabisa, midomo imefunguka kidogo, anangoja habari za kaka yake.

"Mama yangu mpenzi," akasoma, "unga umefika."

Akasoma mpaka chini. Akasoma na salamu. Vigelegele vilipopanda, komanda naye alitikisa kichwa, kama mtu aliyeridhika na kazi ya mwingine.

Jumatatu Divine ndiye aliyebandika chungu. Hakuambiwa. Alichota konzi ya Misioni, akasita, akachota ya pili. Alikuwa ameshachana kipande cha mwisho cha shati la baba, ukosi wake, akasema hiki nacho kaka atakitia ndani ya Biblia, viwe viwili.

"Ufunge, mama. Mi fundo ya baba siiwezi."

Adolphine alikivuta kitambaa karibu. Hakukifunga. Aliutandaza unga kwa kiganja, akauinamia karibu na mwanga wa moto, akaanza kuokota, punje moja baada ya punje.

"Unafanya nini?"

"Iko na muchanga," akasema, na kidole chake kikaendelea kutafuta.