Rula ya Mwalimu

Kwa miaka thelathini na sita Mama Pindo alisahau miwani nyumbani kila alipotakiwa kusoma, na kwa miaka thelathini na sita hakuna aliyejiuliza mtu anayetunga uzi kwenye sindano kwa jaribio moja anahitaji miwani ya nini. Ndivyo tulivyo binadamu. Uongo ukija na heshima zake hatuuhoji.

Alikuwa fundi cherehani. Jina la Pindo alipewa na wateja, maana pindo alilolishona yeye halikuachia hata nguo ikigeuka tambara. Ni yeye aliyeshona kitambaa cha zambarau kinachofunika madhabahu wakati wa Kwaresima, na maandishi yake ya uzi wa dhahabu aliyanakili kutoka kwenye karatasi, mstari kwa mstari, kama mtu anavyonakili ua. Kusoma hakujua. Tarakimu alizijua barabara, kwa sababu kiuno cha mteja hakibahatishwi, hivyo namba za nyimbo zikibandikwa ukutani alikuwa wa kwanza kufungua kitabu. Nyimbo zenyewe alikuwa nazo kichwani zote.

Siri hiyo waliijua watu wawili tu: bintiye, muuguzi aliyeishi mji mwingine, na mumewe. Na mumewe, tazama mambo, alikuwa mwalimu. Nusu ya parishi walijua kusoma kwa mkono wake, au tuseme kwa rula yake: mtoto akikosea, Mwalimu aligonga meza mara moja, akisoma sawa, mara mbili. Mganga hajigangi, wanasema, lakini huyu alijaribu sana kumganga wa nyumbani. Kila alipofungua kitabu, mkewe alimjibu, "Wewe soma, mimi nishone. Nyumba moja walimu wawili wa nini?" Aliona haya, basi. Miaka ikapita, haya ikawa kubwa kuliko kazi yenyewe. Jioni Mwalimu alisoma kwa sauti, naye akaendesha cherehani polepole ili amsikie. Walikuwa na raha yao.

Mwaka huo, kabla ya Jumatano ya Majivu, Mwalimu alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa na ulimi ukafungwa. Akili ilibaki timamu kabisa, uliiona machoni. Kitabu kikabaki juu ya kabati na utepe wake katikati, na jioni nyumba ikawa kimya mpaka Mama Pindo akaichukia sauti ya cherehani yake mwenyewe.

Sasa, kanisa lao lilikuwa na desturi. Kila Jumatano ya Kwaresima, saa kumi alasiri, waumini walikutana majumbani kwa vikundi: supu ya mboga, mkate, halafu mduara, na kila mmoja akasoma aya moja kwa zamu. Miaka yote Mwalimu aliketi ubavuni kwa mkewe, na zamu ikifika alisema, "Macho yanamsumbua," akasoma aya mbili. Safari hii kikundi kilikutana sebuleni kwa wifi, dada mkubwa wa Mwalimu, aliyepanga zamu za wasomaji wa parishi nzima na mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wowote wa fundi.

Mama Pindo hakuwa mtu wa kujificha nyumbani. Asubuhi alimpigia bintiye simu, akasomewa aya ya tisa mpaka akaikariri. Alasiri alifika mapema, akahesabu watu na viti, akakaa mahali ambapo zamu ya tisa ingemwangukia. Kiti kinachotangulia chake alikiacha kitupu. Kilikuwa kiti cha Mwalimu, na hakuna ambaye angethubutu kukikalia.

Hakuna, isipokuwa fundi bomba. Alichelewa, suruali imelowa magotini, akaomba radhi na kujitupa kwenye kiti kilichokuwa wazi. Zamu ikamfikia, akasoma aya ya tisa kwa sauti yake nzito.

Mama Pindo alikuwa ameinamisha kichwa, anayarudia maneno yake kimoyomoyo yasije yakamtoroka, hata hakusikia jirani yake amesoma nini. Zamu yake ilipofika aliweka kidole kwenye ukurasa, akainua sauti, akaisoma aya ya tisa upya. Yote, neno kwa neno.

Mtu akakohoa. Fundi bomba, maskini wa Mungu, akasema kwa upole, "Mama, hiyo nimesoma mimi. Yako ni ya kumi."

Aliitazama ya kumi. Namba aliiona wazi. Baada ya namba palikuwa na vidudu vyeusi tu.

"Haya wifi, soma ya kumi," mwenye nyumba akahimiza.

"Sijui."

"Hujui iko wapi?"

"Sijui kusoma."

Aibu ilimpanda Mama Pindo mpaka masikioni, na kwa kitambo alitamani ardhi ipasuke. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alifunga kitabu, akamtazama wifi yake usoni.

"Niandike Jumapili ya Matawi. Somo la kwanza."

"Wewe? Zimebaki wiki nne na siku nne! Wifi yangu, kanisani hatufanyi majaribio."

"Kupanga zamu ni kazi yako. Kusoma ni kazi yangu. Andika."

Wifi akaandika, midomo ameibana. Mlangoni fundi bomba alimfuata Mama Pindo akimwomba msamaha kwa ajili ya kile kiti.

"Usiniombe msamaha," akamjibu. "Ungewahi, ningekuwa bado mwongo."

Nyumbani alimweleza mumewe yote bila kupunguza. Mabega ya Mwalimu yakaanza kutikisika. Alidhani analia, kumbe anacheka, machozi yakimtoka. Mama Pindo naye akacheka, kisha akalia kweli. "Nazitaka jioni zetu," alisema. "Nikiweza kusoma mbele ya watu wote wale, nitaweza kukusomea wewe." Mwalimu akainua mkono wa kushoto, akaonyesha droo. Ndani yake mlikuwa na rula.

Njia ya kujifunza waliipata wenyewe, ingawa mmoja hakuwa na maneno na mwingine hakuwa na herufi. Mama Pindo alifungua kitabu cha nyimbo kwa namba, akaimba wimbo anaoujua polepole, huku kidole kikitembea juu ya maandishi. Kidole kikienda kombo, rula iligonga mara moja. Kikiwa sawa, mara mbili. Kwa wimbo wa kwanza rula iligonga pigo mojamoja mfululizo mpaka jirani akaja kuuliza kama wanapigilia misumari. Wiki ya pili akaanza kuyatambua maneno yaleyale katika nyimbo nyingine, kama unavyomkuta shemeji sokoni. Wiki ya tatu alisoma mfuko wa unga, mstari mzima, akaenda kuwaamsha kuku kwa vigelegele. Wateja waliambiwa nguo zao zitakuwa tayari Pasaka, na asiyetaka achukue kitambaa chake.

Kasisi alipokuja kumpa Mwalimu ushirika, alimwonea huruma fundi wetu. "Mama, hilo somo likariri tu. Mungu haangalii karatasi."

"Mungu haangalii, Baba Kasisi. Huyu hapa anaangalia."

Wifi kwa upande wake hakuwa na huruma. Jumatano ya nne, juu ya supu, aliwaambia wenzake, "Atakariri kama kasuku, mtaona," na Mama Pindo alikuwa anaingia mlangoni. Iliuma. Alikaa, akanywa supu yake yote, akaenda nyumbani akasoma kurasa mbili kwa hasira tupu. Kuanzia siku hiyo aliacha kumpigia bintiye simu ili asomewe. Hakutaka sikio limsaidie jicho.

Jumapili ya Matawi kanisa lilijaa. Fundi bomba alisukuma kiti cha magurudumu cha Mwalimu hadi ubavuni mwa benchi la mbele, tawi la mtende mapajani, na rula chini ya tawi. Wifi alikaa benchi la pili, kitabu wazi, kidole kwenye somo. Alikuja kukamata mtu.

Mama Pindo alisimama mbele ya kitambaa cha zambarau alichokishona mwenyewe. Somo lilikuwa la nabii anayesema amefundishwa ulimi wa kumtia nguvu aliyechoka. Alianza. Alisoma taratibu, kidole kikimtangulia, aya ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu jicho likateleza, likaruka mstari mzima, naye akaendelea bila kujua.

Ko!

Lilikuwa pigo moja juu ya benchi. Nusu ya kanisa wakanyoosha migongo kabla hawajajua kwa nini. Kasisi, na mavazi yake yote, akaketi wima. Fundi bomba akatoa mikono mifukoni.

Mama Pindo akanyamaza. Kidole kikarudi nyuma, kikatafuta, kikaukuta mstari uliorukwa. Akausoma, akausoma vizuri.

Ko, ko.

Akamaliza mpaka mwisho bila pigo jingine. Kwenye benchi la pili wifi alikuwa amefunga kitabu chake.

Nje, watu wakipeana mikono, wifi alimshika bega. "Umeruka mstari, wifi."

"Nimeruka."

"Kasuku haruki mstari," akasema yule mwenye ulimi mkali, akalia mbele ya watu bila hata kutafuta leso. "Nisamehe." Mama Pindo akamfuta machozi kwa pindo la khanga yake.

Jioni ile hakuwasha cherehani. Alishusha kitabu juu ya kabati, akakifungua pale Mwalimu alipoacha utepe, akavuta kiti karibu naye. Kwenye mstari wa nne alikosea, na alijua kwamba amekosea. Akasubiri pigo. Halikuja. Alipoinua macho aliiona rula iko sakafuni, Mwalimu amefumba macho, na mkono wake mzima unamwashiria aendelee kusoma.