Vitalu Vinane vya Kwihara

Nassibu aliporudi Kwihara kutoka Kaliua, alikokaa siku kumi akikagua karanga za majaribio za huko, alikuta shamba lake limechimbwa lote. Si mmea, si jani. Hata vijiti alivyovipaka rangi na kuviandika namba havikuwapo. Panya hawachukui vijiti, na nguruwe pori hawasawazishi udongo wakimaliza kula.

Akasimama pale, mizani yake inaning'inia mkononi kama samaki asiye na mnunuzi.

Hasara yenyewe ilikuwa hivi. Miaka ile karanga za Unyanyembe zilikuwa zinaumwa. Majani yanajikunja, mmea unadumaa, ukiung'oa unapata punje mbili kama meno ya mtoto. Ugonjwa unaletwa na vidukari, wadudu wadogo wafyonzao majani, na vidukari wanapenda kutua mahali wanapoona udongo mtupu kati ya mmea na mmea. Wakubwa wa Nassibu kwenye utafiti walitaka kujua kama kupanda kwa kubananisha kutawakosesha mahali pa kutua. Basi akapanda vitalu vinane katika shamba la kijiji cha ujamaa: vinne vya kubanana, vinne vya kuachana kama wenyeji walivyozoea. Ijumaa mkuu wake angekuja kuchukua uzito wa kila kitalu. Bila uzito, msimu mzima umekwenda na maji, na kijiji kingepanda tena karanga za kuugua, katika mwaka ambao serikali ilikuwa inahimiza kilimo cha kufa na kupona.

Mwenyekiti wa kijiji, Raymundi, alipoulizwa alitazama pembeni. Alisema jambo hilo si la ofisi, aende kwa mama Kashindye.

Hapo Nassibu akaanza kuelewa. Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu mababu wa huku walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani na kujing'olea njiani mihogo ya mababu wa kule. Mtani akichukua chako humshtaki. Ukinuna, utachekwa mpaka wajukuu zako wachekwe. Na aliyeanza ni yeye mwenyewe. Mwezi wake wa kwanza kijijini aliingia uani kwa Kashindye, akamfunga kamba jogoo wake mwekundu, akaondoka naye akisema anakusanya deni la mihogo. Jogoo yule, kwa maneno ya mwenye mali, alikuwa mkubwa kiasi kwamba akiwika alfajiri treni ya Kigoma ilisimama ikidhani ni mwenzake. Kashindye siku ile alicheka tu. Nassibu akamla jogoo kwa wali, akasahau.

Akaenda. Kashindye alikuwa barazani anachambua mlenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwizi wa jogoo. Umewakosa watoto wako?"

Nassibu alikaa chini. Hasira ilimfika kooni, akaimeza, ikashuka kama dawa ya kwinini. Akajibu kwamba watoto hawajapotea, wamekwenda tu kwa bibi yao, ila angependa kujua kama wako hai.

Kashindye akamwongoza ndani ya tembe. Ukutani vilipangwa vilindo, yale makasha ya magome ya miti yanayowekwa asali na nafaka. Nassibu alihesabu saba. Katika kila kilindo, juu ya karanga zilizokauka vizuri, kilichomekwa kijiti chenye namba yake. Moja, mbili, tatu, nne, sita, saba, nane.

Alikuwa ameshajiandaa kukuta gunia moja la mchanganyiko.

Kashindye alimtazama kama anayemtazama mjinga wa ukoo. Alieleza kwamba yeye na wanawake wanne walichimba kitalu baada ya kitalu, wakaanika juu ya paa la tembe kila kimoja na upande wake. Mbegu hazichanganywi, siku alipozichanganya, akiwa bibi harusi, mama mkwe wake alimpiga mwiko wa kichwa, na mpaka leo mvua ikitaka kunyesha hapo mahali panauma kabla ya mawingu.

"Na namba tano?" Nassibu akauliza.

"Tumeila. Zilikuwa za kuugua, nani angeziweka mbegu? Tulianza na hizo. Tumeungia mlenda. Zilikuwa tamu kuliko jogoo uliyemla."

"Maganda yako wapi?"

Swali hilo Kashindye hakulitegemea. Alionyesha gunia nyuma ya jiko, alikoweka maganda ya kuwashia moto. Bado hakuwa ameyagusa, maana kuni zilikuwepo.

Nassibu akatundika mizani kwenye boriti. Alipima vilindo vyote saba, akitoa uzito wa magome. Kisha akapima kilo moja ya namba saba, kitalu kilichougua vilevile, akawaita wale wanawake wanne, akawakalisha pamoja na Kashindye waimenye kama adhabu ya mtani. Walimenya wakimsimanga na kuimba kwamba Mzaramo anapima takataka. Alipojua kilo moja inatoa maganda kiasi gani, akapima gunia la jikoni, akapiga hesabu, akaandika.

Vitalu vya kubanana vilifika kilo kumi na mbili kila kimoja. Vya kuachana havikuzidi tano. Alitaka kuwatangazia, lakini Kashindye hakuhitaji. Alisema mikono yake ilijua tangu siku ya kuchimba, na wanawake wameshakubaliana kupanda kwa kubananisha, ingawa mwaka mzima alikuwa akibisha kwamba karanga zikikaa karibu zitagombana.

Ijumaa mkuu alifika, mtu mkavu asiyecheka. Akasoma daftari mpaka mstari usemao: kitalu namba tano kililiwa na watani kwa mlenda, uzito umekadiriwa kwa maganda. Akarudia hesabu kwa kalamu yake mwenyewe, mara mbili, akatia sahihi. Halafu, bila kuinua uso, akauliza kama ule mlenda umebaki. Alikuwa Mgogo, mtani wa Wanyamwezi naye.

Walipokwisha kula, Kashindye alimwambia Nassibu, "Mwakani panda vitalu kumi. Vinane vyako, viwili vyetu."

Nassibu akafungua daftari, ukurasa wa msimu ujao, akaandika: vitalu kumi.