Uji wa Wimbi Lililoota

Bochaberi alipoita risaga mwaka ule wa 1948, majirani waje wampalilie shamba lake la Gesima, watu wa kanisa lake, ambao pombe ni mwiko kwao, waliguna. Tangu enzi za mababu, risaga hulipwa kwa pombe. Tena jirani yake Nyanchera, mama yake Ombui, alikuwa amepita uani akaona wimbi lililoota limeanikwa juani, na kwetu wimbi huoteshwa kwa jambo moja tu: kimea cha pombe. Siku ya Sabato Nyanchera alisimama kanisani akasema dada yao anapika pombe. Bochaberi alijitetea kwamba ghala lilivuja, wimbi likalowa, likaota lenyewe. Wachache walimwamini. Mzee Machogu akatangaza kwamba Sabato itakayofuata, kabla ya kutawadhana miguu na kushiriki meza ya Bwana, kanisa litaamua kama jina lake lifutwe kwenye daftari la washiriki.

Siku ya risaga Nyanchera alichukua jembe, akaenda. Hakwenda kusaidia, alikwenda kuunusa mtungi. Alipalilia hadi jua likamkaa utosini, na walipoitwa kivulini, Bochaberi akamkabidhi kibuyu cha uji. Nyanchera akanywa. Ulikuwa mwepesi, mtamu ajabu, na nyumba ile haikuwa na sukari. Utamu huo aliujua: ni wa kimea. Akaingia jikoni kusaidia kugawa, akaona kikapu cha unga wa wimbi lile kikikung'utwa chote ndani ya chungu cha uji. Ghala nalo lilikuwa wazi, paa limetoboka kama chujio. Pombe haikuwapo, wala cha kuipikia hakikubaki. Bochaberi alimwongezea uji.

Sabato ilipofika, Nyanchera akasimama tena pale pale.

"Mama Ombui," mzee Machogu alisema, "wiki iliyopita ulituambia uliona kwa macho yako."

"Niliona wimbi lililoota, mzee. Pombe sikuiona. Niliiongeza mwenyewe, nikawanywesha ninyi nyote. Nimekwenda kwake, nimekunywa uji wa wimbi lile lile. Dada huyu hana kosa, na nililolisema hapa nalifuta hapa hapa."

"Kumbe mpika pombe ni wewe," mama mmoja akamtania kutoka nyuma, na kicheko kikapita kanisa zima. Nyanchera naye akacheka, machozi yakimlenga, akishukuru kwamba walicheka badala ya kumzomea. Mikono ikainuliwa, jina la Bochaberi likabaki.

Wanawake walipotoka kwenda kutawadhana, Nyanchera alikaa pembeni, hakuthubutu kumchagua mtu. Bochaberi akaja na karai la maji, akaliweka chini, akapiga magoti mbele yake.

"Lete mguu, Mama Ombui. Umelima kwangu kutwa nzima; nadhani udongo wangu bado unao."

Nyanchera akaunyoosha mguu. Akangoja zamu yake, akaichukua miguu ya jirani yake mikononi, akaiosha polepole, hadi katikati ya vidole.